Sauti ya Kwamboka Katika Redio ya Chuo

Asubuhi ya kipindi cha kwanza, Josiah Angwenyi alianza kwa kuanika mawe ya redio. Aliyatoa mgongoni mwa redio, akayapanga juu ya bati la jiko la walimu, pale jua linapofika mapema, kisha akasimama hapo kufukuza kuku. Chuoni alikuwa amefundishwa mambo mengine kabisa kuhusu betri. Lakini kijiji kizima cha Birongo kilijua kwamba jiwe la redio lililochoka likiota jua hupata nguvu tena, na Josiah hakuwa mtu wa kubishana na jambo linalofanya kazi.

Ulikuwa mwaka wa 1972, na alikuwa bado hajawa mwalimu. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, ametumwa kufanya mazoezi ya kufundisha kwa muhula mmoja, na bahati ikamrudisha katika shule ile ile aliyosomea utotoni, madarasa ya udongo na mabati kwenye mlima juu ya soko. Redio ilikuwa mali ya chuo. Aliazimwa kwa sababu ya insha. Wanachuo waliulizwa watatumiaje vyombo vya kisasa darasani, na wenzake wakaandika habari za ramani na saa ya ukutani. Josiah akaandika juu ya redio mpaka karatasi zikamwishia. Redio haichoki, aliandika. Redio hailewi Jumapili ikashindwa kuamka Jumatatu. Haina kiboko. Haimtazami mtoto miguuni kuona kama ana viatu, wala haimfukuzi kwa sababu ya karo. Wa dawati la nyuma na wa dawati la mbele inasema nao sawasawa. Itamletea mtoto wa mlimani sauti za mbali. Mkufunzi wake, Bwana Ondieki, alipenda sana hapo pa sauti za mbali, akapiga mstari mwekundu chini yake, na redio ikatolewa stoo.

Basi darasa la sita likakaa kimya, mikono juu ya madawati. Josiah akaweka redio juu ya kiti, kiti juu ya meza, akawasha. Mtangazaji wa vipindi vya shule kutoka Nairobi alikuwa na Kiswahili laini cha pwani, na mazoea yake yalikuwa haya: anauliza swali, ananyamaza kidogo ili watoto wa nchi nzima wapate nafasi ya kujibu, kisha anasema "Vizuri sana," na kuendelea. Hakuweza kumsikia mtoto hata mmoja, lakini aliwangoja wote. Josiah aliona hiyo ndiyo adabu ya ufundishaji.

"Mto Naili unatoka katika ziwa gani?" aliuliza mtangazaji, akanyamaza.

Watoto walivuta pumzi ili wajibu. Kabla hawajatoa neno, redio ikajibu yenyewe.

"Mvua hutoka kwa maji yaliyopandishwa juu na joto la jua," ilisema sauti ya msichana, mbio mbio, kama mtu aliyeshikilia jambo mdomoni siku nyingi. "Yakipoa huko juu, yanarudi chini."

"Vizuri sana," alisema mtangazaji. "Ni Ziwa Victoria."

Josiah aliijua sauti ile. Nani asiyeijua sauti ya mtu aliyelala naye nyumba moja utotoni, wakigombania blanketi? Ilikuwa sauti ya Kwamboka, mdogo wake, aliyeolewa Nyamira miaka mitatu iliyopita.

"Mwalimu, huyo ni Kwamboka," alisema Nyangate, msichana wa dawati la mbele, aliyedhani mwalimu mgeni anahitaji kuelezwa. "Alikuwa anakaa pale." Akaonyesha boriti ya pembeni, penye kiota cha nyigu. "Tulikuwa hatumsikii vizuri. Sasa tunamsikia."

Wakati wa mapumziko, mwalimu mkuu, Mzee Jethro Nyamongo, alimsimulia habari yote huku akikoroga uji.

"Mimi ndiye niliyemwuliza mvua hutoka wapi," alisema. "Akasimama. Alikuwa hodari, huyo mtoto, wee! Kabla hajafungua mdomo, baba yako akatokea mlangoni, kofia mkononi, akaniomba msichana wake. Nikampa. Kumbe nilimpa bila sauti. Nilikuja kujua jioni nikifunga madirisha, nikaisikia kwenye boriti."

"Ndiyo maana leo amejibu habari ya mvua?"

"Hilo lilikuwa jibu la swali langu. Jibu lililokatizwa hutangulia, halafu yanafuata mengine. Kesho utaona, atajibu sawa na wenzake."

"Na hukupeleka habari nyumbani?"

"Nilipeleka, Josiah. Baba yako akaniambia hakuna aliyemlipia sauti."

Mzee Nyamongo akamjazia uji. Mambo mengine Josiah aliyajua mwenyewe. Ng'ombe wa mahari ya dada ni wa kaka. Kwa hao kaka naye hupata mke, na hilo Mgusii yeyote anakuambia bila kulifikiria. Ng'ombe wa Kwamboka walikuja vizuri, wakaingia boma la Mzee Angwenyi, wakakojoa humo kama ng'ombe wengine. Lakini Josiah alikuwa kidato cha pili, amerudishwa nyumbani kwa karo, na baba yake akasimama mbele ya boma akasema hawa wataoa shule kwanza, mke atakuja baadaye. Wakatoka mmoja mmoja kwenda mnadani. Josiah akarudi shuleni na sanduku jipya la bati. Aliporudi likizo alikuta majani yameota bomani, akaambiwa dada yake yuko kwa watu wazuri. Alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba siku ile alifurahi, akala na akashiba.

Huko Nyamira nako hawakulalamika. Bibi arusi amekuja hasemi, wakaona amefunzwa adabu.

Tangu siku ile, kila kipindi, Kwamboka alijibu. Alijibu bandari, milima, mazao ya biashara, ugonjwa unaoletwa na mbu. Hakukosea hata mara moja. Watoto walianza kushindana naye, wakijitahidi kutoa jibu kabla ya redio, na darasa lililokuwa limelala likaamka kweli kweli. Josiah alijivunia. Usiku alikuwa halali kwa uchungu, na asubuhi alijivunia. Yote mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Habari zikamfikia mama yake, Persis. Siku iliyofuata alipanda mlima na ungo wa maharagwe, akaketi chini ya dirisha la darasa la sita, akachambua. Kipindi kilipokwisha akabeba ungo akaenda zake. Ikawa ndiyo kazi yake. Maharagwe yenyewe yalikuwa yale yale. Aliyachambua hata yakabaki hayana taka, akaendelea kuyachambua. Familia ilikuwa ya Wasabato, kwa hiyo Jumamosi redio ilikaa nyumbani bila kuwashwa. Persis hakuomba iwashwe. Alirudi kutoka kanisani, akachukua kigoda, akakaa chumba kile kile ilimokuwa redio, amefumba mikono, mpaka jua likatua.

Katikati ya muhula Bwana Ondieki alikuja kutoka chuoni kumkagua. Akakaa nyuma ya darasa, mguu juu ya mguu, akasikiliza kipindi kizima. Mtangazaji aliuliza, Kwamboka akajibu, watoto wakajibu juu yake. Baadaye akamwita Josiah nje.

"Somo zuri," alisema. "Chombo kimetumika inavyotakiwa. Kuna huyu msichana aliye ndani."

"Ni dada yangu, Bwana."

"Yumo kwenye rejista?"

"Hayumo. Aliolewa."

"Basi usimhesabu. Sauti isiyo na mtoto kwenye dawati itakuvurugia mahudhurio." Akamwandikia alama za juu, akamshika bega kwa upendo, maana alikuwa mtu mwema. "Na usisahau, Jumatatu ya mwisho ya muhula lori la chuo litapita kuichukua redio. Muhula ujao inaenda shule ya Mosocho."

Jioni hiyo Josiah alileta habari hizo nyumbani. Persis alikuwa anapepeta. Akaacha kupepeta.

"Inaenda Mosocho na mtoto wangu ndani?"

"Ni mali ya chuo, Mama."

"Redio ni ya chuo. Sauti ni ya chuo?" Alikuwa hajainua macho. "Mpelekee, Josiah. Kabla hawajaichukua, mpelekee mwenyewe Nyamira. Labda ikimwona itamrudia. Na ukifika, mwulize. Hakuna aliyemwuliza, hata mimi. Mimi nilikuwa nimefunga mdomo, na ndizi zake za safari nikamfungia."

Mzee Angwenyi alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga. Aliendelea kunoa.

"Mwulize habari ya mvua," alisema. "Mwulize habari ya afya. Usimwulize anataka nini. Mwanamke akitamka mbele ya watu kwamba anataka kwao, wenye ng'ombe watakuja kudai ng'ombe. Nitawatoa wapi? Waliingia kichwani mwako wewe. Tutakupasua tuwaswage watoke?"

Hakuyasema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Jumapili ya mwisho ya muhula alipanda basi Keroka, redio mapajani, akashuka Nyamira, akakata bonde kwa miguu. Alimkuta Kwamboka uani akianika maua ya pareto juu ya mkeka, mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda shingo. Alipomwona kaka yake alipangusa mikono, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa muda mrefu, mdomo umefungwa. Josiah alitaka kulia, akaomba maji ya kunywa.

Mama mkwe, Mong'ina, alimkaribisha vizuri, ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Mume, Ogari, alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, alirudi mara chache.

"Dada yako ni mtu mzuri, Mwalimu," alisema Mong'ina. "Tangu aje hapa hajanijibu neno baya."

"Hajakujibu neno lolote, Mama."

"Si ndiyo hivyo hivyo?"

Josiah akaweka redio juu ya kigoda, karibu na Kwamboka, akaiwasha mahali pasipo stesheni, ikawa inavuma tu. Akauliza swali la darasani, la Mto Naili. Akangoja.

"Ziwa Victoria," ilisema redio.

Midomo ya Kwamboka nayo ilitikisika, ikichelewa kidogo nyuma ya sauti. Mtoto, Nyamoita, akatazama redio, akanyoosha shingo kutazama mdomo wa mama yake, akautia kidole.

"Hiyo ni yake," alisema Mong'ina. "Nyororo. Inafanana naye." Akasogea, akajaribu yeye. "Kwamboka, kuni zimo jikoni? Kama hazimo nenda ulete, mbona umekaa?"

Redio ikavuma tu.

"Mbona mimi hainijibu?"

"Ukiuliza, Mama, unangoja kidogo. Ukingoja ndipo inajibu."

Mong'ina alilifikiria jambo hilo kwa haki kabisa. "Ningoje nini?" alisema. "Nani hapa ana nafasi ya kungoja, Mwalimu? Pareto itaningoja mimi?" Akachukua kikapu chake, akaenda shambani, bila ubaya wowote.

Wakabaki wawili na mtoto. Josiah akaisogeza redio mpaka ikagusa goti la dada yake. Akainyanyua, akaishika karibu na koo lake, kisha karibu na kifua. Sauti haikutoka redioni kumwingia. Alikuwa amesoma kufungua redio na kuifunga, kuisafisha vumbi, kuiweka mahali watoto wote wasikie. Hili hawakufundishwa. Aliirudisha kigodani, na kwa vile hakuwa amebaki na la kufanya, akamwuliza.

"Kwamboka. Unataka kurudi?"

Akangoja, kama alivyozoea kungoja darasani. Redioni ilisikika pumzi ndogo, ile ambayo mtoto huivuta anaposimama kujibu. Kwamboka alifumbua midomo. Na hapo Josiah akaona ng'ombe wote wanarudi. Waliingia uani mmoja mmoja, wamechoka na safari. Huyu alikuwa sanduku la bati, huyu blanketi, yule viatu vyeusi, na yule wa mwisho, ndama mwenye doa, alikuwa mwandiko wake mzuri ambao walimu waliusifu. Walisimama wakimtazama, wakingoja apishe njia wapelekwe kwa mwenyewe. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Mawe yanakwisha," alisema.

Mawe hayakuwa yanakwisha. Alikuwa ameyanunua mapya Keroka asubuhi ile.

Kwamboka akaigeuza redio, akafungua mgongo wake, akatoa mawe. Akasogeza maua ya pareto kando, akayapanga mawe juu ya mkeka, kwenye jua, akaketi karibu nayo. Kila baada ya muda aliyageuza upande wa pili, yaive sawasawa. Kivuli cha mti kilipofika kwenye mkeka, aliuvuta mkeka wote ukatoka kivulini. Upande wa vilima vya Manga mawingu yalikuwa yameanza kupanda, naye akawa anatazama mawingu, anatazama mawe, anamtazama kaka yake. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

Nyamoita alilala. Josiah akasema atachelewa basi. Akaokota mawe, yamepata joto zuri, akayatia mfukoni. Kwamboka alimsindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni, redio kichwani, kama wanawake wanavyombebea mgeni mzigo wake. Walipofika aliishusha, akaipangusa kwa ncha ya leso, akampa kwa mikono miwili. Kisha akasimama pale pale, na Josiah alipogeuka kwenye kona bado alikuwa amesimama.

Jumatatu ilikuwa siku ya kipindi cha mwisho. Lori la chuo lilitazamiwa mchana. Persis alikuwa amekwisha kufika dirishani na ungo wake.

"Ulimwuliza?" alisema kutoka chini.

"Nilimwuliza, Mama."

"Alijibu nini?"

Josiah alijifanya anatafuta chaki. Persis akangoja. Huyu alijua kungoja. Angeweza kukaa hapo na swali lake mpaka mvua zote za mwaka zipite. Kengele ndiyo iliyomwokoa mwanawe. Watoto wakaingia, redio ikapanda kiti, kiti kikapanda meza. Mtangazaji akawasalimu wanafunzi wa nchi nzima, akasema leo ni marudio ya yote waliyojifunza.

"Bandari kubwa ya Kenya iko katika mji gani?" aliuliza, akanyamaza.

"Ndiyo," ilisema redio. "Nataka kurudi."

"Vizuri sana," alisema mtangazaji.

Nje ya dirisha, maharagwe yaliacha kusikika kwenye ungo. Nyangate akainua mkono, polepole, maana jambo hili lilikuwa halijatokea tangu muhula uanze.

"Mwalimu," alisema, "leo Kwamboka amekosea."

Wote walimtazama Josiah. Alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, mgongo kwa dirisha. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa kuwa watoto waliyaona aliyaacha yatoke.

"Amekosea," alisema. "Jibu ni Mombasa. Andikeni."

Watoto wakainama, wakaandika Mombasa.